MSHAHARA WA KUANZIA SI MSHAHARA WA KUZEEKEA

Ndugu wanachama,

Liko neno moja ambalo matajiri wetu wamelipenda sana, na sasa hata baadhi ya wanachama wameanza kulisema kana kwamba ni lao. Neno lenyewe ni hili: "Huo ni mshahara wa kuanzia tu." Kijana akiuliza mbona fedha ni kidogo, hujibiwa hivyo. Akifika nyumbani, mkewe akiuliza mbona unga umekwisha kabla ya mwezi kwisha, yeye naye hana jibu jingine ila hilo hilo.

Mimi sisemi neno hilo ni uongo daima. Kila kazi ina mwanzo, na hakuna aliyezaliwa na spana mkononi. Lakini nasema tulipime. Mizani ina vitanga viwili. Katika kitanga cha kwanza tuweke mshahara na gharama za maisha. Katika cha pili tuweke matumaini ya mbele, yaani ngazi ya kupandia. Ikiwa kitanga cha kwanza ni chepesi, yafaa cha pili kiwe kizito. Ikiwa vyote viwili ni vitupu, basi huyo kijana hakupewa kazi ya kuanzia. Amepewa kazi ya kuzeekea kwa bei ya mwanafunzi.

HESABU YA MSHAHARA

Tuanze na sheria, maana hapo hakuna ubishi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 iliongeza asilimia 6. Kibarua wa kawaida katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru akawekewa mshahara wa chini wa Sh. 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Posho ya nyumba kwa asilimia 15 ni Sh. 2,417. Jumla ni Sh. 18,531.

Sasa makato. NSSF asilimia 6 ni Sh. 1,112. Bima ya afya ya SHA, asilimia 2.75, ni Sh. 510. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, ni Sh. 278. Makato yote ni Sh. 1,900. Kinachofika nyumbani ni Sh. 16,631.

Haya, turudi nyuma kidogo, hadi nyongeza iliyotangazwa Mei Mosi 2022. Wakati ule mshahara wa kibarua huyo huyo ulikuwa Sh. 15,201.65, na pamoja na posho ya nyumba Sh. 17,482. NSSF ilikuwa Sh. 200 tu, na NHIF Sh. 600. Kilichofika nyumbani kilikuwa Sh. 16,682.

Ndugu, soma tena hesabu hizo polepole, na kama huamini chukua kalamu uzipige mwenyewe. Mwezi Novemba 2024, baada ya hotuba na makofi na nyongeza ya asilimia 6, kibarua wa mshahara wa chini alipeleka nyumbani Sh. 51 pungufu kuliko mwezi Mei 2022. Kwa muda wa miaka miwili na nusu hakusimama hapo alipokuwa; alirudi nyuma hatua moja, na bei za dukani hazikurudi naye.

Mtu asije akasema napinga akiba ya uzeeni. Fedha ya NSSF ni yetu, na tajiri naye huweka kiasi sawa na chetu. Bima ya afya nayo ina faida yake siku mtoto anapougua. Ninalolisema ni kwamba akiba hukatwa katika mshahara unaotosha. Ukiikata katika mshahara usiotosha, ni kama kumnyima mtoto maziwa leo ili umnunulie babake fimbo ya uzeeni.

Na kumbuka, hesabu hiyo ni ya kijana ambaye tajiri wake anaifuata sheria. Wako wengi wanaopewa bahasha moja na kuambiwa, "Humo mna kila kitu," bila kuonyeshwa mshahara ni kiasi gani na nyumba ni kiasi gani.

HESABU YA NYUMBA

Sasa tuangalie matumizi. Mtu asiseme tumechukua hesabu ya Lavington au Karen. Hii ni hesabu ya Kianda, ya mtu na mkewe na watoto wawili, katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Kila msomaji na aipime kwa hesabu ya nyumba yake.

Kodi ya chumba: Sh. 3,500.
Umeme: Sh. 500.
Maji, mitungi minne kwa siku kwa shilingi tano tano, siku ambazo hakuna uhaba: Sh. 600.
Choo na bafu za kulipia, Sh. 20 kwa siku: Sh. 600.
Unga wa mahindi, pakiti 20 za kilo mbili: Sh. 3,000.
Sukuma wiki, nyanya na vitunguu, Sh. 80 kwa siku: Sh. 2,400.
Maziwa, pakiti moja ndogo kwa siku: Sh. 1,800.
Maharagwe, omena, na nyama mara moja moja: Sh. 1,500.
Mafuta ya kupikia, sukari, majani ya chai na chumvi: Sh. 1,300.
Makaa: Sh. 1,500.
Nauli ya kwenda na kurudi kazini, Sh. 100 kwa siku, siku 26: Sh. 2,600.
Shule, madaftari na michango: Sh. 1,500.
Sabuni: Sh. 600.

Jumla: Sh. 21,400.

Mapato ni Sh. 16,631. Upungufu ni Sh. 4,769 kila mwezi. Na hapo hatukuandika dawa. Hatukuandika viatu. Hatukuandika chakula cha mchana kazini, wala fedha ya mama aliyebaki nyumbani, wala mchango wa mazishi, ambao katika mtaa wetu hauishi. Hatukuandika sigara wala bia, kwa hiyo wale wanaosema kwamba vijana wanakunywa mshahara na watafute lawama nyingine.

Kitu cha kwanza kinachofutwa ni nauli. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya jua kuchomoza, watu wa Kibera waonekana wakitembea juu ya mataruma ya njia yetu ya reli kuelekea Industrial Area. Wageni wakiwaona husema watu hawa wapenda mazoezi. Sisi twajua ni Sh. 2,600 zinazotembea kwa miguu. Na hata baada ya kutembea mwezi mzima, upungufu ni Sh. 2,169.

Je, upungufu huo hulipwa na nani? Maana familia hizi zinaishi, hazikufa. Hulipwa na mke anayekwenda kufua nguo za watu. Hulipwa na mwenye duka anayeandika deni katika daftari lake. Hulipwa na mkopo wa simu, ambao hukata riba yake kabla hujaona mshahara. Hulipwa na mama mashambani anayetuma gunia la mahindi kwa basi. Hawa wote wanamsaidia tajiri kulipa mshahara wa mtu wake, na hakuna hata mmoja wao anayeandikwa katika vitabu vya kampuni. Tukisema ukweli, katika jambo hili anayeishi kwa msaada ni tajiri.

MSHAHARA WA KAPERA

Mambo haya hayakuanza jana. Zamani za ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulipimwa kama mshahara wa kapera. Serikali ilisema: huyu ni mtu mmoja, mkewe na watoto wako shambani, wanajilisha huko, yeye apewe cha kutosha tumbo moja na kitanda kimoja. Nyumba walizojengewa wafanyakazi mijini zilifuata hesabu hiyo hiyo.

Wafanyakazi waliikataa. Januari 1947 Mombasa nzima ilisimama, watu wa bandari na wa reli na wa mahoteli na wa majumbani, kama watu 15,000, kwa sababu bei zilipanda na mishahara ikabaki chini. Serikali ikalazimika kuweka baraza la kuamua, na nyongeza ikatoka. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa mbali. Mei 1950 Nairobi nayo iligoma baada ya Makhan Singh na Fred Kubai kutiwa mbaroni. Makhan Singh, ambaye babake alikuwa fundi wa mbao katika reli, alizuiliwa mpaka 1961.

Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Carpenter, ilitoa taarifa yake juu ya mishahara ya Waafrika. Ilikubali kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika makampuni ya watu binafsi, na karibu robo ya walio katika kazi za serikali na mashirika yake, walikuwa wakipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya, ya heshima na ya nguvu za kufanya kazi. Ikasema yafaa mshahara wa kapera uachwe, na mshahara wa mtu mzima upimwe kwa mahitaji ya familia.

Ndugu, hayo yalisemwa na serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa rafiki yetu. Leo tuna bendera yetu na Katiba yetu ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 41 yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Hata hivyo, hesabu ya Kianda niliyoiandika hapo juu ni hesabu ya mshahara wa kapera. Tofauti ni moja tu, nayo yazidisha ubaya: kijana wa 1954 alikuwa na shamba nyuma yake. Vijana wengi wa Kianda wamezaliwa hapa, na baba zao wamezaliwa hapa. Ukimwambia familia yake ijilishe shambani, itakwenda shamba gani?

NGAZI IKO WAPI?

Sasa kitanga cha pili. Matajiri husema, "Mvumilivu hula mbivu." Vizuri. Lakini mwenye mti hana budi kutuonyesha huo mti na kutuambia msimu wake.

Sitaki tuyasifu mambo ya zamani kupita kiasi. Katika reli ya zamani ngazi ilikuwa na rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na wazee wetu waliipigania ngazi hiyo mpaka ikavunjwa. Wenzetu wa reli waligoma hapa Kenya Novemba 1959, na wa Tanganyika mwaka 1960 waligoma zaidi ya miezi miwili. Lakini baada ya vita hivyo palikuwa na kitu kinachoonekana. Kibarua wa genge aliweza kujua cheo kinachofuata chaitwaje, mshahara wake ni kiasi gani, na ni mtihani gani unaohitajika. Iko shule ya reli hapa Nairobi kwa kazi hiyo.

Yaliyofuata mnayajua. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Shirika la Kenya likaanzishwa 1978. Mwaka 2006 reli ikakodishwa, mwaka 2017 ukodishaji huo ukakoma, na mwaka huo huo, tarehe 31 Mei, reli mpya ya Mombasa ikafunguliwa. Katika mabadiliko yote hayo garimoshi zilibadilika, rangi ya mabehewa ikabadilika, na ngazi ya mtu wa chini ikazidi kufupishwa. Katika kazi nyingi za mji huu, sio za reli peke yake, mtu wa chini siku hizi haandikwi na yule anayemfanyia kazi. Huandikwa na wakala, kwa mkataba wa miezi mitatu.

Nawajua vijana wa mtaa wetu walioandikwa hivyo, wakaandikwa tena, na tena, miaka ikapita, wakiwa na koleo lile lile na mshahara ule ule. Kila baada ya miezi mitatu wao ni wageni. Huyo ndiye anayeambiwa kuwa yuko "mwanzoni". Mwanzo gani unaoanza mara nne kwa mwaka?

Na sheria haiko upande wa mchezo huu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua wa kutwa ambaye siku zake za kazi mfululizo zafika mwezi mmoja kwa jumla, au anayefanya kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha kwa muda usiofika miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa kulipwa kwa mwezi. Kifungu cha 42 chasema majaribio yasizidi miezi sita. Yanaweza kuongezwa miezi sita mingine, ila kwa kukubali kwake mfanyakazi. Na kifungu cha 31 chamtaka tajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kulipa kodi. Sheria ipo. Inayokosekana ni sauti ya kuisoma mbele ya tajiri, na sauti hiyo ni chama.

MANENO YA WANAOTUPINGA

Wa kwanza ni tajiri asemaye, "Afadhali hicho kidogo kuliko kukaa kijiweni." Ni kweli kwamba kijana aliyekaa bure hana kitu. Hata wa mjengo, akipata Sh. 600 kwa siku, siku 26 ni Sh. 15,600, lakini ni nani apataye siku 26? Kwa hiyo sitamwambia kijana yeyote wa Kianda akatae kazi ili kulinda heshima yangu mimi. Aingie. Lakini njaa ya jirani si kipimo cha mshahara. Tajiri hauzi mali yake kwa kutazama shida ya wenzake. Kwa nini anunue jasho letu kwa kutazama shida yetu?

Wa pili asema, "Mkidai sana, kazi zitapungua." Basi tumjibu kwamba nusu ya tunayodai haigharimu fedha. Kumwandikia mtu cheo chake na tarehe ya kupanda kwake ni gharama ya karatasi moja. Tena njaa nayo ina gharama. Genge la njia hutazama reli, mataruma, kokoto na kila bolti. Mtu aliyetembea kutoka Kianda bila chai, mwenye deni kichwani, ndiye unayemwomba aone bolti iliyolegea kabla garimoshi halijapita na abiria wake. Abiria huyo hajui mshahara wa genge, lakini maisha yake yapo ndani ya mshahara huo.

Wa tatu, na huyu ndiye aniumizaye zaidi, ni mwenzetu. Asema, "Sisi tuliteseka tukavumilia, acha na wao wateseke. Na chama ni cha walioandikwa, si cha vibarua." Ndugu, fikiri vizuri. Tajiri akiweza kumpata mtu wa mkataba wa miezi mitatu kwa bei ndogo, afanye kazi ile ile unayoifanya wewe, wewe si wa kudumu tena. Wewe ni gharama inayongoja kupunguzwa. Mshahara wa huyo kijana ni sakafu unayokanyaga. Akishushwa yeye, unashuka nawe, ila wewe utachelewa kujua.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo naomba mambo haya yajadiliwe katika mkutano wa tawi, na wajumbe wetu wayapeleke juu:

1. Kila anayeanza kazi, mwanamume au mwanamke, wa genge au wa kufagia stesheni, apewe barua ya kazi yenye cheo, mshahara, posho ya nyumba peke yake, na tarehe ya mwisho wa majaribio.

2. Katika mkataba wetu wa pamoja iandikwe ngazi ya mtu wa chini: cheo cha pili ni kipi, baada ya muda gani, kwa mafunzo gani, na nani anayatoa. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa husahauliwa na mdaiwa kwanza.

3. Mkataba wa miezi mitatu usirudiwe kwa kazi ambayo ni ya kila siku. Reli haitengenezwi mara moja ikaisha.

4. Chama kipige hesabu ya matumizi ya familia kila mwaka, mtaa kwa mtaa, kama hii ya Kianda, na kiende nayo katika mazungumzo ya mishahara. Tusiende tena na asilimia mkononi. Asilimia 6 ilituonyesha ilivyo.

5. Chama kiwaandikishe vibarua na watu wa wakala sasa, kwa ada ndogo wanayoiweza.

Na kwa kijana anayengoja kuandikwa, nampa maulizo manne ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Nitapeleka nyumbani kiasi gani baada ya makato? Majaribio yangu yaisha tarehe gani? Nitajifunza ujuzi gani ambao nitaondoka nao nikiondoka? Aliyeanza hapa miaka mitatu iliyopita leo yuko wapi? Swali hili la mwisho usimwulize bwana mkubwa. Mwulize huyo mtu mwenyewe, langoni, wakati wa kutoka kazini. Akikujibu kwamba yu fundi au nyapara, ingia, vumilia, jifunze. Akikujibu kwamba yuko pale pale alipoanza, ingia ukihitaji kula, lakini jua umeingia wapi, na siku ile ile tafuta mjumbe wa chama.

Mshahara mdogo wenye ngazi waweza kuitwa mwanzo. Mshahara mdogo usio na ngazi tuuite kwa jina lake, nao tuukatae kwa pamoja, walioandikwa na wasioandikwa.

Wenu katika kazi,

Mwanachama wa genge la njia,
Kianda, Kibera.